Kopo la Majivu la Mboni

Tegueni hiki, wajukuu zangu, wala msikimbilie kujibu. Ninaye mgeni nyumbani kwangu, simwoni wala haniamkii. Namlisha asubuhi, namlisha mchana, namlisha jioni, hasemi ahsante. Lakini siku akishiba, haondoki yeye. Tunaondoka sisi wenye nyumba. Ni nani?

Nasikia mmoja anasema tumbo. Hapana, tumbo likishiba mtu hulala tu. Mwingine anasema moto. Umekaribia, lakini moto tunauona. Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Lindi sitaki, Tanga ni mbali, na Dodoma nitakula vumbi. Nipeni Dar es Salaam, tena katikati yake, pale Kariakoo. Haya, nimefika, nimekunywa kahawa kikombe kimoja kwenye kona, nimekaa barazani natazama watu wanavyopita na vikapu vyao. Na jibu ninalo: mgeni huyo ni karo, lile shimo la zege linalojengwa chini ya ardhi katika nyumba zenye choo cha maji. Na kwa kuwa mmeshanipa mji, nitawasimulia habari za karo moja la hukohuko Kariakoo, na msichana aliyelilisha chakula kisichokuwa chake.

Msichana huyo aliitwa Mboni, na alikuwa darasa la sita. Mambo haya yalitokea lile soko jipya la Kariakoo lilipokuwa bado linanukia rangi. Baba yake, Vitalis, alikuwa fundi cherehani. Mama yake, Benedikta, alipika vitumbua. Walikuwa wametoka Masasi kabla Mboni hajazaliwa, na miaka yote hiyo walipanga chumba kimoja upande wa Msimbazi, katika nyumba iliyokuwa na watu ishirini na watatu na choo kimoja cha shimo.

Siku za Mboni zilifanana. Alfajiri mama yake aliwasha kuni uani na kukaanga vitumbua, naye Mboni alivipanga kwenye sinia na kuvifunika. Kisha alichota maji bombani, akaoga, akavaa sare, akaenda shule. Huko alikuwa kiranja wa afya. Kazi yake ilikuwa kukagua kucha na masikio ya wenzake kwenye mstari, na kuwasimamia wale waliopangiwa namba ya kusafisha vyoo. Mwalimu alikuwa amewafundisha, na redio nayo ilikuwa imesema mara nyingi, kwamba choo cha shimo kifunikwe na kimwagiwe majivu kila jioni ili nzi wasizaliane.

Mboni hakuwa mtu wa kusikia jambo jema akaliacha shuleni. Kila jioni alichota majivu yaliyopoa jikoni kwa mama yake, akajaza kopo moja tupu la maziwa ya unga, akaenda kuyamwaga chooni. Mwanzoni wapangaji wenzao walimcheka, wakamwita Bwana Afya Mdogo. Lakini nzi walipungua kweli, na walewale waliomcheka wakaanza kumkumbusha, "Bwana Afya, leo umetusahau?"

Sasa, pale Kariakoo palikuwa na mama mmoja mjane wa Kihindi, Champaben jina lake, aliyeuza bizari, iliki na dengu. Mtaani walimwita Mama Ravindra, kwa jina la mwanawe. Vitalis alikuwa amemshonea mapazia na foronya kwa miaka mingi. Nyumba yake ilikuwa ya kawaida, ya vyumba sita, ukumbi katikati na uani nyuma. Miguu ilipoanza kumsumbua, Mama Ravindra aliamua kwenda kukaa na mwanawe kule Upanga. Alikataa kuiuza nyumba kwa mtu asiyemjua. Akamwita Vitalis, akamwuliza kama anaitaka. Vitalis alikuwa akiweka akiba tangu Mboni hajaanza shule. Alirudi nyumbani, akakaa kitandani, akamwambia mkewe habari ile kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kuiamsha.

Jumapili iliyofuata wakaenda kuitazama: Vitalis, Benedikta, Mboni, na Mzee Kitwana, mjumbe wa nyumba kumi wa mtaa ule, ambaye ndiye angekuwa shahidi. Waliitazama sawasawa. Vitalis aligonga kuta kwa vifundo vya vidole. Benedikta alifungua na kufunga kila dirisha. Mzee Kitwana, pamoja na uzee wake, alipanda juu ya kiti akachungulia boriti kama zina mchwa. Walipofika uani waliona milango miwili, wa bafu na wa choo. Vitalis aliutazama mlango wa choo, kisha akatazama mawingu. Mzee Kitwana naye akatazama mawingu. Maana ni nani angethubutu kwenda kuchungulia choo cha mama mtu mzima, tena aliyekwisha bandika chai kwa ajili yenu?

Mboni ndiye aliyechungulia. Aliona sakafu ya saruji iliyosuguliwa, tundu lenye maji ndani yake, na pipa la maji pembeni. Choo cha namna ile alikuwa amekiona hospitalini tu. Akageuka, akauliza kwa adabu zote:

"Bibi, choo hiki kinatunzwaje?"

Mama Ravindra alifungua mdomo. Lakini kabla hajatamka neno, Benedikta alikuwa ameshamfinya Mboni nyuma ya mkono, na Mzee Kitwana akakohoa kwa nguvu, akauliza yale mabati ya juu yaliezekwa mwaka gani. Mama Ravindra alitazama chini kidogo, kisha akaeleza habari za mabati. Chai ikaja. Swali likabaki palepale mlangoni pa choo.

Njiani Benedikta alimsema mwanawe. Mtu mzima amekukaribisha nyumbani kwake, akamwambia, nawe unamwuliza mambo ya chooni. Kesho utamwuliza alikula nini. Mboni akaomba radhi, ingawa hakujua sana kosa lake lilikuwa lipi.

Karatasi ziliandikwa, Mzee Kitwana akatia sahihi yake ndefu, na mwezi wa nane wakahama. Vitu vyao vyote vilienea kwenye mkokoteni mmoja, cherehani ikiwa juu kabisa. Vyumba vitatu wakakaa wenyewe, vitatu wakapangisha. Vitalis akaweka cherehani yake barazani, na asubuhi ya kwanza Benedikta alisimama ukumbini akiwa ameshika ufagio, akasahau kufagia, anatazama tu milango.

Jioni hiyohiyo Mboni alichota kopo lake la majivu. Aliona kwamba nyumba nzuri zaidi inastahili usafi zaidi, kwa hiyo kila Jumamosi akawa anaongeza kopo la pili. Aliyamwaga tunduni, akafuatisha ndoo ya maji, na majivu yote yakatoweka, hata doa lisibaki. Jambo hilo lilimpendeza mno. Katika choo cha zamani majivu ulikuwa unayaona yamekaa tu, lakini hiki kilikuwa kinayameza. Tena hapakuwa na nzi hata mmoja. Mboni alijiambia ni kwa sababu ya kazi yake, wala hakukumbuka kwamba hata siku ile walipokuja kutazama nyumba nzi hawakuwapo.

Hivyo ndivyo alivyofanya kwa miezi minane.

Masika yalipoingia, maji ya chooni yakaanza kuchelewa kushuka. Wakadhani ni mvua. Wiki iliyofuata yakawa yanasimama kabisa kwa muda, yanafikiri, ndipo yashuke. Asubuhi ya Jumanne moja, baada ya mvua kubwa, maji machafu yalipanda chooni, yakatokea bafuni, yakaenea uani mpaka karibu na mafiga ya Benedikta. Vitumbua havikupikwa siku ile. Harufu ilivuka ukuta na kuingia mtaani, na watoto waliokuwa wakienda shule wakapita wameziba pua.

"Kiranja, leo utatukagua kucha au utatukagua pua?" mmoja alimwuliza Mboni. Wengine wakacheka mpaka kwenye kona.

Kabla ya adhuhuri bwana afya alikuwa amefika, na mabuti yake ya mpira na daftari lake. Hakuwa mkali. Alizunguka uani, akatazama watoto wadogo wa wapangaji, akatazama maji yalivyokuwa yakielekea ukuta wa jirani, kisha akaandika karatasi na kumweleza Vitalis taratibu. Akirudi Ijumaa alasiri akute uani pakavu. Asipokuta hivyo, itambidi aifunge nyumba na watu wote watoke mpaka itengenezwe, maana kipindupindu na kuhara havimngojei mtu ajipange. Halafu akauliza karo liko wapi, ili gari la kunyonya majitaka lijulishwe.

Vitalis alimtazama mkewe. Benedikta akamtazama mumewe.

"Kama halijulikani lilipo," akasema bwana afya, "gari litanyonya wapi?"

Baada ya bwana afya kuondoka, Vitalis aliweka mkasi chini, akaazima sururu. Alichimba nyuma ya jiko, akapata mchanga. Akachimba karibu na bafu, akapata mchanga na soli ya kiatu cha zamani. Jioni mpangaji mmoja alifunga godoro lake akaenda kwa dada yake Temeke. Wapangaji wengine wakasema wanangoja Ijumaa.

Jumatano alikuja Onesphory, fundi wa makaro, mtu mrefu asiyependa maneno mengi. Akasukuma fito ndefu kupitia tundu la choo, akaizungusha, akaivuta. Ncha ilitoka imepakaa kitu kizito cha kijivu, kama uji uliolala. Onesphory alikisugua kati ya vidole viwili. Akasema amefanya kazi hii miaka kumi na minne, na uchafu wa choo anaujua. Huu si uchafu, huu ni kama saruji. Pengine waliokuwa wakikarabati sakafu zamani walimwaga mabaki humo, bomba likaziba kidogokidogo.

Majirani waliokuwa wamesimama mlangoni wakadaka maneno yale. Mwenye nyumba wa kwanza alijua, wakasema. Ndiyo maana aliiuza haraka. Vitalis hakuwahi hata siku moja kumsema vibaya Mama Ravindra. Lakini alikuwa hajalala usiku mzima, na mikono yake ilikuwa na malengelenge. Akasema polepole:

"Kumbe ndiyo sababu hakulijibu lile swali la mtoto."

Mboni alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko. Ule uji wa kijivu aliujua. Hakuhitaji kuusugua kwa vidole. Aliuona kila jioni katika kopo lake, ukiwa mkavu. Akamsikia baba yake akisema kwamba kesho ataondoka na Mzee Kitwana kwenda Upanga kumwambia Mama Ravindra aichukue nyumba yake. Akikataa, mambo yatakwenda kwenye baraza la usuluhishi. Nao watarudi Msimbazi kwenye chumba kimoja. Mama yake aliingia ndani na kuanza kukunja nguo, ingawa hakuna aliyemwambia akunje.

Alhamisi, shuleni, Mboni alimwambia yote rafiki yake Klara, waliyekuwa wakikaa naye dawati moja.

"Nani alikuona ukimwaga?" Klara akauliza.

"Watu wote walikuwa wananiona na kopo. Hakuna aliyeangalia naenda nalo wapi."

"Basi tulia. Fundi mwenyewe kasema saruji."

"Lakini si saruji, Klara."

"Mboni, baba yako akijua umeijaza nyumba majivu, leo utalala wapi?"

Klara alimpenda sana rafiki yake, na ndiyo maana alimkatia nusu ya muhogo wake na kunyamaza. Asubuhi ile Mboni alikagua kucha za darasa zima bila kumtoa mtu yeyote mstarini. Kila alipoinua macho kumwambia mwenzake kwamba ni mchafu, alimpita akaenda kwa anayefuata.

Alipotoka shule alimkuta baba yake anavaa shati la kutokea. Akaomba kufuatana nao. Baba akakubali bila kuuliza, akampa abebe bahasha ya karatasi za nyumba. Wakavuka Barabara ya Morogoro, wakaingia Upanga, Mzee Kitwana katikati na fimbo yake. Mara tatu Mboni alijaribu kusema. Mara tatu wazee walikuwa wanazungumza habari za sahihi na mashahidi, naye akajiambia atasema wakifika kwenye mti ule, kisha mti ule mwingine, mpaka wakafika.

Ravindra ndiye aliyewafungulia. Mama yake alipowaona alifurahi kama mtu aliyeletewa ndugu zake. Kabla hawajakaa alikuwa ameshaagiza chai ya tangawizi na sahani ya vitafunwa, ameshamwuliza Vitalis hali ya Benedikta, na wapangaji, na kama mpira wa bomba la uani bado unavuja. Mboni akamwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba na kumkalisha karibu yake.

Vitalis hakukigusa kikombe. Alieleza kwamba anamheshimu sana, lakini amekuja na jambo zito. Akaeleza maji yalivyopanda, bwana afya alivyokuja, na fito ya Onesphory ilivyotoka na saruji. Mwisho akasema yale aliyokuwa ameyabeba tangu jana, kwamba aliuziwa nyumba mbovu na mtu aliyejua kuwa ni mbovu.

Ravindra akasimama. "Ndugu Vitalis, mama yangu amekaa nyumba ile miaka thelathini. Kama umekuja kumwita mwizi, mlango ule pale."

Mama Ravindra aliweka kikombe chini, chai ikamwagikia sahani yake. Vitalis naye akasimama. Mzee Kitwana alimshika shati huyu na mkono huyu, akiwasihi wakae, wala hakuna aliyemsikiliza. Vitalis alikuwa amekwisha geukia mlango Mboni aliposema:

"Si saruji, baba. Ni majivu. Niliyamwaga mimi."

Wote wakamgeukia. Akawaeleza yote: kopo la maziwa, kila jioni, Jumamosi mawili, tangu siku waliyohamia. Alidhani anasafisha. Hapo machozi yakamshinda.

Vitalis alikaa chini polepole. Akamwuliza alijua lini. Mboni akasema tangu jana, fito ilipotoka.

"Na ukanyamaza?"

"Nilinyamaza, baba."

Ikasikika sauti ndogo, na wakaona kwamba Mama Ravindra anacheka. Alicheka kwa aibu kwanza, halafu kwa nguvu, huku anafuta macho kwa pindo la sari yake.

"Majivu," akasema. "Kila siku ya Mungu. Maskini karo langu."

Vitalis akainuka tena, safari hii bila hasira. Akamwambia Mama Ravindra kwamba amemkosea, tena amemkosea ndani ya nyumba yake na mbele ya mwanawe, na anamwomba amsamehe. Mama Ravindra akamjibu kwamba kwanza anywe chai, inapoa. Kisha akamwambia Ravindra alete funguo za gari. Ravindra akaanza kusema kwamba petroli ni haba wiki hii. Mama yake akamtazama tu, na funguo zikapatikana.

Walipofika Kariakoo, waliokuwa wamesema maneno jana walirudi nyuma wakawapisha njia. Mama Ravindra alipita ukumbini akiegemea bega la Mboni, akafika uani, akayaona yale mashimo mawili, akauliza kama Vitalis anataka kupanda migomba. Halafu akageuka, akatoka tena nje. Aliingia kwenye kichochoro kati ya nyumba ile na ya jirani, akahesabu hatua nne kutoka kwenye pembe ya ukuta, akasimama. Onesphory, aliyekuwa ameitwa, aliparua mchanga kwa jembe. Kina cha kiganja kimoja tu, jembe likalia juu ya zege, na pete mbili za chuma za kuinulia mfuniko wa karo zikaonekana.

Kazi ilifanyika Ijumaa. Onesphory alifunua mfuniko alfajiri, akawafukuza watu wote karibu na pale, akasema hewa ya ndani ya karo humwangusha mtu kabla hajajua kinachomwangusha, kwa hiyo hakuna kusogea wala kuwasha hata kiberiti mpaka karo likae wazi kwa muda. Gari la kunyonya lilipokuja lilimaliza maji, lakini majivu yalikuwa yamekaa chini kama sakafu. Ikabidi yalainishwe kwa maji mengi, yakorogwe kwa fito, yanyonywe tena. Vitalis hakumpiga Mboni, wala hakumwambia akapumzike. Baba na mwana walichota maji bombani na kuyaleta, ndoo baada ya ndoo. Kwenye ndoo ya kumi hivi Mboni aligeuka akamwona Klara nyuma yake, na ndoo ya kwao kichwani. Hakuna aliyemwita.

Saa nane mchana Onesphory alimwaga maji chooni. Yakashuka yote kwa mkupuo mmoja, yakinguruma. Wapangaji wakapiga makofi. Bwana afya alipokuja alasiri, hakumwamini mtu. Akamwaga ndoo mwenyewe, akainama akasikiliza, akatembea uani mpaka ukutani, viatu vyake vikatoka vikavu. Ndipo akaichana ile karatasi.

Jioni walitandika mkeka ukumbini. Mama Ravindra alikuwa amerudi tena, safari hii na kikapu cha vitafunwa, na Benedikta akapika vitumbua saa ambayo si ya vitumbua. Mzee Kitwana alikalia kiti, maana magoti yake hayakutaka mkeka.

Vitalis alimwita Mboni akakaa mbele yake. "Ungesema Jumatano," akamwambia, "nisingekwenda kumtukana mtu mzima. Hilo ulikosea, na unalijua. Lakini jana ulikuwa na njia ya kunyamaza, na hakuna ambaye angejua maisha yako yote. Umesema, na kwa kusema kwako leo tunalala humu. Siku nyingine ukiona umeharibu, njoo uniambie siku hiyohiyo, hata kama nimekasirika. Nikikasirika, nitatulia."

Kisha akawatazama wakubwa wenzake. Akasema kwamba majivu ni ya Mboni, ila kutojua ni kwa wote. Yeye aligonga kuta zote za nyumba ile, lakini alipofika kwenye choo akatazama mawingu kwa kuona aibu. Mtu anayenunua nyumba akaona haya kuuliza choo, akasema, hajainunua nyumba yote.

Mama Ravindra akasema naye asisahauliwe. "Mzee Kitwana ulipokohoa, mimi nilishukuru. Nilikuwa najua jibu, nikaona haya kulisema mbele ya wageni na chai. Kama ningesema siku ile, mtoto huyu angekuwa mtunzaji mzuri kuliko mimi."

Mzee Kitwana akakiri kwamba hakuwa na kikohozi chochote siku ile. Wote wakacheka, hata Ravindra, aliyekuwa amesimama mlangoni akila kitumbua cha tatu.

Aliyekuwa hajacheka ni Benedikta. Alikuwa anamtazama mwanawe. Akamsogelea, akamshika mkono palepale nyuma alipomfinya siku ile, akapasugua kwa kidole gumba.

"Swali lako halijajibiwa mpaka leo," akamwambia. "Uliza tena, mwanangu."

Mboni akamgeukia Mama Ravindra. "Bibi, choo hiki kinatunzwaje?"

Mama Ravindra akaweka kikombe chini.

"Kinatunzwa kwa maji, mjukuu wangu. Hilo pipa la pembeni lisikauke hata siku moja. Majivu, mchanga wa kusugulia sufuria, machicha ya nazi, matambara, vyote hivyo vina jalala lake, karo havilihusu. Kila mwaka kabla ya masika, mwiteni Onesphory afunue ule mfuniko, atumbukize fito, aone tope limefika wapi. Likifika nusu, liiteni gari, msingoje lipande lenyewe. Mfuniko usijengewe kitu juu yake, na kila anayekaa humu, hata mpangaji wa mwezi mmoja, aonyeshwe ulipo. Na ikitokea siku mtu amekuja kuitazama nyumba hii ainunue, wewe Mboni mchukue kwa mkono umpeleke chooni kwanza. Chai atakunywa baadaye."